Ukurasa Uliofungwa kwa Kamba

4 Februari

Baba Mdogo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko kambini, na vumbi la hiyo barabara mnayoijenga lisiwe limekumaliza kifua. Sisi huku hatujambo. Baba mguu unamsumbua asubuhi tu. Jua likipanda anausahau, anazunguka nyumba nzima akitafuta miwani iliyo kichwani kwake. Mume wangu amepata kazi ya kutandika sakafu kwenye jengo la ghorofa, anarudi magoti yamevimba lakini anarudi akicheka. Na mtoto wetu anaendelea vizuri. Jina la kwenye cheti analo, ila hapa nyumbani tunamwita Gramu, maana alipozaliwa kila aliyeingia aliuliza "gramu ngapi?" mpaka tukazoea. Sasa ana kilo tano na ushee na anavuta masikio ya babu yake.

Unanijua, sikuandikii salamu peke yake. Naomba uniruhusu kufungua chumba cha nyuma. Ufunguo anao Baba, lakini anasema mashine ya kuchapia ni yako na bila neno lako hafungui hata dirisha.

Baba Mdogo, nilikaa wodi ya watoto njiti siku arobaini na moja. Siku ya kwanza ile mashine iliyo kando ya kitanda ilipiga kengele, nami nikajua ndiyo basi, mwanangu amekwenda. Nilipiga yowe wodi nzima ikageuka. Kumbe waya tu umelegea mguuni. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Basi kila nilichojifunza nikakiandika kwenye daftari: kengele, maziwa ya kukamua, kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, na kwamba kulia si dhambi. Muuguzi mkuu alilisoma akasema, "Hivi ndivyo mama anavyoongea na mama. Nitengenezee vijitabu sitini, nivifunge kila kitanda." Simu haziingii mle ndani, na karatasi alizowahi kubandika zilikuwa za ile mashine ya dukani, mikono ikiwa na maji wino wote unatoka. Nikakumbuka wino wako. Kadi ya harusi ya Baba na Mama uliyoichapa ilianguka kwenye ndoo na bado inasomeka.

Vitakuwa vidogo, vya kiganja, kurasa nane, viingie mfuko wa aproni. Lakini muuguzi anastaafu tarehe thelathini Juni, na atakayechukua nafasi yake hapendi makaratasi. Mkuu anasema kitu kikishazoeleka hakitolewi kirahisi. Kwa hiyo nina muda, ila si mwingi. Shule yangu unaijua iliishia wapi. Nielekeze tu, mikono ninayo.

Kiroboto wako

2 Machi

Binti wa kaka,

Marahaba. Barua yako imekaa kwa dereva wa lori la vifaa wiki mbili. Alikuwa ameisahau chini ya kiti. Mimi mzima. Ghala langu lina misumari, saruji na panya. Mpe kaka pole ya mguu. Mtoto akivuta sikio avute la kulia, hilo halisikii hata hivyo.

Mwambie kaka nimesema afungue.

Herufi zangu ni za madini ya risasi, na hayo ni sumu kwa mtoto. Usile mle ndani. Mtoto asiingie kabisa. Kuwa na nguo ya kazi uiache humo humo, na unawe kwa sabuni mpaka viwikoni kabla ya kumshika. Hili halina mjadala. Rola zioshe kwa mafuta ya taa, usizitie maji. Wino weka kidogo kuliko unavyodhani, kisha punguza tena. Kabla hujampa mtu yeyote hata nakala moja, nitumie jaribio nilione. Simu hainitoshi hata kama huku mtandao ungekuwepo. Karatasi lazima nipitishe kidole nyuma yake.

Droo ya chini kabisa, ile isiyo na kishikio, iache ilivyo.

Baba mdogo wako

14 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo tena, na asante sana, asante mno. Baba alisoma barua yako kwa sauti mpaka pale pa sikio, akasema hajasikia. Gramu ameota jino. Amelijaribu kwenye kidole changu.

Chumba nimekifungua. Buibui walikuwa wamepanga kila kona bila kodi. Nimesugua siku mbili. Mashine nilipoifunua turubai na kushusha mkono wake, ilishuka bila hata kulia. Nikajiona tena mdogo, nimekaa juu ya ndoo mlangoni, wewe unapanga herufi, Mama Mdogo yuko mezani kwake dirishani anachora kwa kalamu ya kuchovya na kuchonga vibao vyake vya kuchapia picha, na mimi mnanikataza kushika kila kitu, ndiyo maana mkaniita Kiroboto.

Sasa aibu. Jaribio la kwanza hilo, usicheke. Niliweka mstari mmoja mmoja tu kila ukurasa. Kurasa nne upande huu, nne upande wa pili, moja mbili tatu nne, kama mtu anavyohesabu. Nikakunja. Ukurasa wa kwanza ukafuatwa na wa sita, wa tatu ukasimama kichwa chini miguu juu, na mstari unaosema "usimwache peke yake" ukaangukia katikati ya habari ya maziwa. Mume wangu akasoma akasema, "Kwa hiyo maziwa yakiachwa peke yake yanalia?" Siku hiyo chai alijichemshia mwenyewe.

Na kwa nini mstari mmoja mmoja? Hapo ndipo penye jambo langu. Hakuna a. Kisanduku cha a kina a ishirini na tatu. Nimehesabu mara tatu, nimepapasa chini ya meza, nimepepeta mpaka mavumbi. E zimejaa. O zimejaa. X zipo nyingi utadhani kwetu kuna neno lenye x. Lakini a! Baba Mdogo, sisi bila a tunasema nini? Mama, baba, maziwa, lala, kaa, pumua. Kwenye ukurasa wa kwanza neno lililonihurumia ni kengele. Ziko wapi?

Kiroboto

11 Aprili

Kiroboto,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari ya jino. Huku mvua imebeba daraja la muda, lori limekaa ng'ambo siku tisa. Nilipata homa, imeondoka.

Jaribio nimeliona. Chukua karatasi tupu, ikunje mara mbili. Ikiwa imekunjwa, andika namba kwa penseli kila ukurasa. Sasa ifungue. Utaona nani jirani ya nani, na nani kalala kichwa chini. Panga hivyo hivyo. Sisi tulifundishwa hilo siku ya kwanza, kwa rula ya mgongoni.

Pambizo la kushoto limepungua milimita moja na nusu. Wino mwingi, o zimeziba. Nyuma ya karatasi nimesikia kila herufi kwa kidole: umebonyeza kama mtu anayeua kunguni. Herufi iguse karatasi, isiitoboe. Nimetia alama nyekundu mahali kumi na tisa. Rekebisha, nitumie tena.

Baba mdogo wako

17 Aprili

Baba Mdogo,

Shikamoo. Pole na homa. Baba hajambo. Gramu anakaa bila kushikwa, kwa dakika moja, halafu anaanguka upande upande kama gunia na kucheka.

Barua yako nimeisoma mbele na nyuma. Nimeiinua hata kwenye mwanga wa dirisha, labda umeandika kwa wino usioonekana. Habari ya a sikuiona. Habari ya kunguni nimeiona.

Ngoja nikueleze ninavyofanya kazi. Kila asubuhi Baba anamchukua Gramu, mimi navaa koti lile kuukuu, naingia. Kwa a ishirini na tatu napanga mistari minne. Nachapa karatasi zote mistari minne. Navunja, herufi zinarudi visandukuni, napanga minne mingine, narudisha karatasi zile zile mashineni, naomba Mungu zikae palepale. Hazikai. Mistari inapandana kama watoto kwenye kitanda kimoja. Karatasi nilizoharibu mume wangu anafungia vigae. Kwa mwendo huu kijitabu kitatoka Gramu akioa. Hili jaribio la pili nakutumia, lina kurasa tatu tu.

Picha moja imetoka. Mume wangu aliniletea mabaki ya mpira wa sakafu, nikachonga mama amembeba mtoto kifuani. Pua ya mama imekuwa kubwa kidogo. Baba anasema ni pua yetu.

Nilimwendea pia yule mzee mshonaji vitabu mliyekuwa naye kiwanda cha uchapaji, anifundishe kushona. Alicheka aliposikia jina lako. "Bado anapima? Sisi tulimwita Bwana Milimita. Harusi yake mwenyewe, kadi za mwaliko alizisahihisha mpaka wageni wakaja bila kadi!" Nikamuuliza, basi a zake ziko wapi? Akaacha kucheka. Akaangalia sindano yake. Akasema, "Muulize mwenyewe. Mimi nilishona vya watu wengine. Vya kwake havikuwahi kunifikia."

Basi nakuuliza. Ziko wapi?

Kiroboto

13 Mei

Baba Mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima. Lori limekuja mara mbili. Mara ya kwanza dereva alisema hana kitu. Mara ya pili alinipungia mkono tu.

Alhamisi huwa nakwenda wodini kumsaidia muuguzi mkuu kukaa na mama wapya. Wiki iliyopita kulikuwa na binti mmoja, naona hajafika hata miaka ishirini, amejifungua juzi yake. Mashine ikapiga kengele. Muuguzi alikuwa chumba cha pili. Binti akamtazama mtoto, akatutazama sisi, akakimbia. Miguu mitupu, aproni ya wodi mwilini. Mfagiaji alimkuta kituo cha mabasi, ameketi chini, anasema mtoto wake amekufa na hana pa kwenda. Mtoto alikuwa amelala zake. Waya ulilegea, basi.

Aliporudi aliniuliza mimi, "Kwa nini hamkuniambia?" Baba Mdogo, nilikuwa nayo hayo maneno. Yako kwenye chumba chako cha nyuma, yamekosa a.

Nilirudi nyumbani nikafungua droo ya chini. Nilitumia patasi ya mume wangu, kwa taratibu. Nakwambia kwa sababu sitaki uambiwe na mtu mwingine.

Nimekuta ukurasa mzima wa herufi ulizopanga. Umefungwa kwa kamba pande nne, herufi zimesimama bega kwa bega. Nikaleta kioo cha kunyolea cha Baba nikausoma. Ni maneno ya Mama Mdogo, nimemsikia kabisa sauti yake, habari za mikono ya watu aliyoiona, mkono wa mama unaojua joto la maji bila kipimo. Katikati pana nafasi tupu ya picha. Na chini yake karatasi za majaribio arobaini na mbili. Ukurasa ule ule. Zote zina nyekundu yako. Ya mwisho ina miaka tisa, na ina alama moja tu: nusu milimita, pambizo la juu.

Mama Mdogo aliondoka mwaka huo. Sisi watoto tuliambiwa amekwenda kwa dada yake kupumzika. Mtu hapumziki miaka tisa.

A zote ziko humo. Kamba sijaigusa. Naomba ruhusa yako niuvunje.

Kiroboto

27 Mei

Binti wa kaka,

Droo nilikuandikia uiache. Hukuiacha. Ifunge.

Ukurasa ule haujakamilika. Kuna nafasi imeachwa, na mwenye kibao cha kuijaza anajua. Si wako wala si wangu kuuvunja. Haraka haraka haina baraka, umeambiwa hilo tangu utotoni. Muuguzi wako angoje. Kazi ikiwa nzuri watu hungoja.

Jaribio la pili: mistari imepandana ukurasa wa pili na wa tatu. Ukurasa wa tatu una r iliyovunjika, itupe. Alama ishirini na sita.

Baba mdogo wako

6 Juni

Baba Mdogo,

Barua yako haikuwa na salamu. Mimi nakuamkia: shikamoo. Baba hajambo, mume wangu hajambo, Gramu ana meno matatu.

Muuguzi hawezi kungoja. Tarehe thelathini anakabidhi funguo, aliyepanga tarehe hiyo ni serikali, si mimi. Na kama haraka haraka haina baraka, ngoja ngoja nayo huumiza matumbo. Hiyo pia niliambiwa tangu utotoni, na nadhani aliyeniambia ni wewe.

Nimeuvunja.

Kwanza niliuchapa. Nikausafisha kwa brashi, nikaufunga kwenye fremu ya mashine, nikaweka wino kidogo kuliko nilivyodhani, nikapunguza tena. Nikatoa nakala mbili. Nafasi ya picha ikatoka nyeupe, kama meza iliyoondolewa sahani. Halafu nikalegeza kamba. Baba akaja mpaka mlangoni na Gramu begani, hakuingia, akauliza, "Unafanya nini?"

"Navunja ukurasa wa mdogo wako."

Nikajua nitafokewa. Akasema, "Umechelewa miaka tisa," akaondoka na mjukuu wake.

Nilianzia mstari wa mwisho nikapanda juu, herufi moja moja kisandukuni kwake. Nilipofika katikati nililia kidogo, maana maneno yalikuwa mazuri na nilikuwa nayatoa moja moja kama mtu anayechambua mchele. A zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Siku ya pili nilikuwa nimepanga kurasa nne kwa mpigo. Siku ya tano Baba Mdogo nilikuwa nimeshika kijitabu. Kimekunjwa, kimeshonwa, ukurasa wa pili unafuata wa kwanza. Nilizunguka nacho nyumba nzima.

Nakutumia kijitabu kimoja, na nakala moja ya ukurasa wako. Ile nyingine nimempa mshonaji, anasema anajua pa kuifikisha. Sikuombi msamaha leo. Nikiuomba leo nitakuwa mwongo, maana kesho ningeuvunja tena. Nitauomba siku nikiumaanisha.

Tarehe ishirini napeleka vyote sitini wodini, nyekundu yako ije isije.

Mwanao, Kiroboto

24 Juni

Kiroboto,

Marahaba. Mbusu Gramu. Kama ana meno matatu atakuwa amepata la nne kabla hujaisoma hii. Kaka mwambie nimesikia alichosema mlangoni.

Nina hasira na wewe. Usidhani haipo kwa sababu naandika polepole.

Ule ukurasa nimekaa nao siku nne ghalani, juu ya mfuko wa saruji. Nikachukua penseli. Pambizo la juu bado lina nusu milimita. Nikautoa nje kwenye jua, nikauweka mbali, nikauweka karibu. Nikampa dereva, nikamwambia tafuta kosa. Akaugeuza geuza, akasema, "Picha iko wapi?"

Mama Mdogo wako alikaa miaka minne pale dirishani kibao kikiwa tayari. Alikuwa amechonga mikono yake mwenyewe. Kila jioni akifunga kalamu zake ananiuliza, "Leo?" Nami nasema kesho. Siku aliyoondoka hatukugombana. Alikifuta kibao wino, akakifunga kwenye kitambaa, maneno akaniachia. Akasema, "Haya, endelea kupima." Hilo sijamwambia mtu. Kaka hakuniuliza, na nilimshukuru kwa kutoniuliza, ingawa sasa naona angeniuliza tu. Nilikuja huku kwa sababu misumari haina pambizo.

Nikajidanganya kwamba nafasi ile nimemwachia yeye. Ukweli ni kwamba ukurasa usipochapwa hakuna awezaye kusema ni mbaya.

Kijitabu chako kina makosa kumi na manne. Nimeyahesabu, ndivyo nilivyo. Ukurasa wa tano umeinama. Uzi unaonekana nje mahali pasipotakiwa. Pua ya yule mama, kaka ana haki. Dereva alikichukua mkononi mwangu akasoma kurasa zote nane amesimama, injini inawaka. Mke wake ana mimba ya miezi saba. Hakunirudishia.

Hayo kumi na manne usiyarekebishe. Vikae hivyo hivyo.

Baba mdogo wako

9 Julai

Baba Mdogo wangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine juu yake. Barua yako nimemsomea Baba mpaka mwisho. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema mguu unamuuma, na ilikuwa saa saba mchana. Meno ni manne, umepatia. Mshonaji anasema ile nakala imefika kwa Mama Mdogo mwenyewe. Jibu hakuna. Nakwambia kama lilivyo, sitaki kukupamba.

Hii barua nilitaka iwe ya furaha tupu, nawe ungeona nimejaza wino mwingi. Tarehe ishirini nilipeleka sitini. Muuguzi mkuu alivifunga mwenyewe, kimoja kimoja, kwa uzi kwenye chuma cha kitanda, vingine akaweka kabatini. Yule binti wa kituo cha mabasi alinisaidia kukata uzi. Mtoto wake anatoka wiki ijayo. Tarehe thelathini mkuu akaaga, tukalia, tukamaliza.

Juzi nikampeleka Gramu kupimwa. Nikachungulia wodini. Vitanda vipo, vijitabu hakuna. Hata nyuzi zimekatwa. Kabati nalo limefungwa. Nikamwona mkuu mpya, nikamuuliza. Wala hakuwa mkali, laiti angekuwa mkali ningepata pa kushikia. Alisema, "Mama, karatasi zinapita mkono hadi mkono na hawa watoto hawana kinga. Ni utaratibu." Niseme nini? Ana shule yangu mara tatu, na ana haki. Nikatoka nikiwaza kama iko karatasi inayokubali wino na bado inafutika kwa spiriti (nijibu hilo, na safari hii usijibu habari ya kunguni). Lakini nilikuwa nawaza kwa hasira, si kwa akili. Miezi mitano! Ukurasa wako! Nikaketi kwenye benchi la ukumbini, Gramu mapajani, nikawa namfunga kofia na kuifungua, kuifunga na kuifungua.

Akaja mama mmoja mwenye aproni ya wodi, akaketi pembeni yangu. Macho mekundu ya kukosa usingizi. Akamtazama Gramu, naona akadhani nina mtoto mwingine mle wodini na huyu ni kaka yake, akaniuliza, "Mdogo wake yuko ndani?"

Nikatikisa kichwa, hata sijui nilikitikisa vipi.

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akatia mkono mfukoni mwa aproni, akatoa kijitabu. Kimeshalainika pembe, kimeloana na kukauka, na maneno yote yapo. Amekitia kwenye kifuko cha plastiki, anakifuta kila akinawa mikono.

"Soma ukurasa wa kwanza hapa hapa kabla hujaingia," akasema. "Upesi, kisha unirudishie. Tuko kumi na moja na vimebaki vinne, vingine wamevichukua."

Nikausoma. Kengele ikilia usikimbie, mwite muuguzi, mara nyingi ni waya. Nilijifanya nausoma pole pole.

Nikamuuliza, "Nani kaandika?"

"Mmoja wetu tu," akasema. "Kupanga mistari hajui, masikini. Lakini alikuwepo."

Akakichukua, akakifuta, akarudi ndani kwa mwanawe.

Wako, Kiroboto